Zizi la Nyuzi la Osob Korane

Assalaamu aleikum warahmatullah. Wazee wetu, akina hooyo, majirani wa mtaa huu, na wageni mliosafiri kutoka Bura na Takaba, Osob Korane tulimzika juzi Jumanne kabla ya alasiri kama dini inavyotaka, haraka na bila hotuba, na haya yanayosomwa leo ni kwa ombi la walimu wenzake wa kutoka bara, ambao kwao mtu hahesabiki kuwa amezikwa mpaka asomewe, basi familia imekubali, na kuandika nimepewa mimi mjukuu wake, kwa sababu katika nyumba hii mwenye digrii ni mimi na asiye na ofisi ya kwenda ni mimi, kwa hiyo muda upo.

Marehemu alizaliwa pembeni mwa Bura, mtoto wa tatu wa mzee Korane Gelle, mfugaji na mchuuzi wa mbuzi, na bi Arbia Adow, na kitambulisho chake kinasema ni tarehe 1 Januari 1942, ambayo ndiyo birthday ya nusu ya watu waliokaa chini ya turubai hili, kwa kuwa karani wa serikali aliamua sisi sote tuzaliwe siku moja ili mkono wake usichoke, ila mama yake alishikilia kwamba ilikuwa masika, maana bwawa lilikuwa limejaa na hakuna aliyekwenda mbali kuteka maji ya kumwosha mtoto.

Alisoma dugsi ya Qur'ani huko huko Bura, kisha mwaka 1955 akaletwa Garissa kwa shangazi yake, akaingia darasa la akina mama la kushona na kufuma lililofundishwa na mke wa afisa mmoja wa mifugo, ambako wenzake wengi walifuata chai na biskuti, yeye akafuata uzi. Siku ya kwanza alipopewa donge la sufu aliuliza ni la kondoo gani, kwa sababu kondoo wetu wa kichwa cheusi ana nywele fupi, ni wa kuchinjwa tu, huwezi kumfuma hata soksi, akaambiwa ni wa ng'ambo, akasema basi huyo kondoo ana bahati mbaya, na wazee wa Bura walipopata habari walimtania baba yake msikitini kwamba Korane ana pesa nyingi mpaka amempeleka msichana kusomea baridi.

Lakini baridi hiyo ililisha watu. Askari na makarani walioletwa huku kutoka bara walikuwa na wake na watoto kwao milimani, wakitaka sweta, kofia na fulana za watoto wachanga, na yeye kuanzia mwaka 1958 aliwafumia, akihifadhi kila uzi uliobaki, na kila sweta kuukuu iliyotupwa aliifumua, akaifua, akaikausha kivulini, akaiviringa upya.

Hapa lazima nieleze alivyozipanga, kwa sababu wengi wenu mmewahi kufukuzwa chumbani mwake kwa kugusa. Binti wa mfugaji hawezi kupanga kitu ila kama zizi. Nyuzi nene zilikaa peke yake, nyembamba peke yake, kama ngamia asivyolala na mbuzi, vipande vifupi havikuchanganywa na madonge makubwa kwa sababu, alisema, mtoto wa mbuzi akilala na mama yake asubuhi huna maziwa, uzi unaotumika wiki hiyo ulikaa karibu na mlango kama mnyama anayekamuliwa, na uzi mgeni, hasa wa kufumuliwa, haukuingia ndani kabla ya kuanikwa juani na kukaguliwa mayai ya nondo, maana mnyama wa kununuliwa ndiye anayeleta ugonjwa. Rangi alizipa majina ya mbuzi. Ukimwambia "blue" alikutazama kama mtu wa sensa.

Aliolewa tarehe 14 Oktoba 1960 na Warfa Jelle, utingo na baadaye dereva wa lori la mfanyabiashara wa ng'ombe, kijana wa mzaha ambaye akirudi safari alipiga hodi na kuuliza, "Wanyama wako wamelala, au niingie kimya?" Walijaliwa binti, Bishara, mama yangu mzazi, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1962, na waliishi pande za Bura na mama yake Warfa, bi Ebla Sugow, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, ambaye hakuona maana ya sufu lakini aliheshimu mpango wa zizi.

Kisha vita. Hii Gaf Daba, yaani vita vya Shifta, ambayo vitabu vya shule vinaipa mistari miwili na jina la majambazi, sisi tuliipata nzima. Katikati ya mwaka 1966 familia nyingi za pande za Bura, yetu ikiwemo, zilikusanywa ndani ya vijiji vya waya, kutoka asubuhi kwa ruhusa na kurudi kabla ya magharibi, na mifugo iliyobaki nje ya waya ilikamatwa au ikapigwa risasi, na iliyoingia ndani ilikosa malisho ikafa, mpaka mwisho wa mwaka huo bi Ebla alikuwa na haan nne, vile vyombo virefu vya maziwa vilivyosukwa kwa mizizi, zote zimening'inia kwenye nguzo za nyumba, zote kavu.

Osob akaomba azitumie kuweka nyuzi, kwa kuwa mchwa wa mahali pale walikula kila sanduku la mbao. Bi Ebla akasema, "Chukua. Chombo kikikaa bure kinalia." Wakakubaliana kwamba haan zitaendelea kufukizwa kama desturi, yaani unatia vijinga vya moto vya mti wenye harufu ndani ya chombo kitupu, unafunika, unatikisa, unamwaga, unaacha kipoe, na moshi ule unaoua mdudu wa maziwa unamuua na nondo, kisha ndipo uzi unarudi ndani.

Kazi haikukoma, kwa maana askari wa lango walichanika viwiko kama watu wengine. Koplo mmoja wa Ukambani alimletea masweta ya kijani ya wenzake, yeye akafuma viwiko vipya kwa uzi aliofumua kwenye sweta zilizokwisha kabisa, na kijani kilichobaki alikiweka katika haan ya nne. Mwezi wa Januari 1967 koplo huyo akahamishwa.

Tarehe 20 Februari 1967 gari la askari lilishambuliwa kwenye njia ya Hagadera, na kesho yake asubuhi kijiji kilizingirwa, nyumba kwa nyumba, wanatafuta chochote kilichovuliwa kwa maiti. Warfa alikuwa nyumbani, na kwa kuwa ni dereva aliyekuwa akitoka na kuingia kwa ruhusa, macho yalikuwa juu yake tayari. Osob alikuwa kwenye foleni ya maji. Bi Ebla aliona viatu vinakuja, akakumbuka kijani, na hakuwa na pa kukitupa, akafanya kile ambacho mikono yake ilikijua tangu utotoni, akachukua vijinga mekoni, akavitia ndani ya haan ya nne, juu ya uzi, akafunika.

Mtu wa bara angechimba shimo. Sisi tunafukiza.

Sufu haiwaki, inaungua polepole na kunuka kama nywele. Sajini alipoinama kuingia alirudi nje akishika pua.

"We mama! Mnachoma nini?"

"Afande, mimi nafukisa chombo ya masiwa."

"Maziwa yatoke wapi? Ng'ombe hamna."

"Kwani ng'ombe nani alikula? Sema wewe, mimi nasikia."

Majirani walicheka, na wanasema hata sajini alikaribia kucheka, kisha akaimwaga haan ile kwa buti. Vikatoka vijinga na donge jeusi, akalipasua kwa kisu cha bunduki, na katikati, wallahi, kijani kilikuwa kizima kama kimetoka dukani jana.

Osob alifika anakimbia na debe kichwani, akaeleza yote, koplo, viwiko, Ukambani, akamwonyesha sindano zake na nyuzi nyingine zilivyopangwa katika haan tatu, na sajini, ambaye hakuwa mjinga, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Kama ni uzi wa viwiko, mbona mnauchoma?"

Uzi ule ungekaa ndani ya haan yake bila kuguswa, ungekuwa uzi tu. Moto ndio uliougeuza ushahidi. Bi Ebla alianza kufungua mdomo, Warfa akamtangulia.

"Nyumba yangu, moto wangu. Hawa ni wanawake tu, afande, hawajui kitu."

Akafungwa mikono. Alipopita mbele ya mama yake alimwambia kwa Kisomali, "Hooyo, inua kichwa, umefanya kama mama," na kwa mkewe, "Osob, usiache wanyama wakachanganyika." Lori lilielekea upande wa Garissa. Hiyo ndiyo habari ya mwisho ya Warfa Jelle tuliyo nayo.

Mtoto wao wa pili, abti Guleid, mjomba wangu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1967. Mwisho wa mwaka huo vita vilipokwisha waya ulifunguliwa, wafungwa wengine wakarudi, na marehemu alisimama barabarani kila lori liliposhusha watu. Wazee walimshauri aolewe na ndugu ya mume, dumaal, kama desturi, na kadhi akauliza nani aliyeshuhudia kifo, hakupatikana, basi marehemu akasema kwa upole kwamba bila shahidi hakuna kifo na bila kifo hakuna eda, na hakukaa eda, wala hakuolewa, wala hakuitwa mjane mbele yake na mtu aliyependa amani.

Watu walingoja siku atakayomfukuza mama mkwe. Waliishi chumba kimoja miaka ishirini na moja, mpaka bi Ebla alipofariki mwaka 1988, akiwa amelishwa kwa mkono wa Osob. Bi Ebla hakufukiza chombo tena maishani mwake, hata maziwa yaliporudi, ndiyo maana familia yetu, aibu kwa Wasomali, tulikunywa maziwa ya sufuria yasiyo na harufu yoyote. Jirani mmoja aliwahi kumchokoza marehemu kwa nini bado anaweka kijani nyumbani, akajibiwa, "Uzi haukumshika mtu, walaal. Watu ndio walimshika."

Kuanzia 1971 hadi 1997 alifundisha ufumaji katika shule ya msingi hapa Garissa, na kwake nyuzi ziliendelea kukaa ndani ya haan, zimening'inizwa kwa kamba, majivu kuzunguka nguzo kwa ajili ya mchwa, na badala ya moshi, majani makavu ya mwarobaini. Mtu wa NGO alikuja, akapiga picha, akaiita collection, akaenda workshop Mombasa, na tunamtakia safari njema popote alipo.

Kisukari kilimwanza mwaka 2009, macho yakapungua, akazijua nyuzi kwa vidole, na alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Machi 2019 Mwenyezi Mungu alimchukua akiwa nyumbani. Ameacha watoto wawili, wajukuu tisa na vitukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliochimba kaburi juani, walimu wenzake kwa sukari, chai na machozi, na pia ofisi zote tulizoziandikia kuhusu Warfa, kwa kutujibu, zile zilizojibu, kwamba faili halionekani.

Jambo la mwisho. Humu ndani wamo wazee waliovaa sare miaka ile, na wengine waliofungwa, tunawajua na tunakunywa nanyi chai. Hatutafuti kesi. Kama kuna aliyekuwa langoni siku ile, au ndani ya lori lile, atuambie Warfa alishushwa wapi, ili abti Guleid amswalie baba yake na tujue pa kupeleka dua. Asije kwa karatasi. Aje tu, hata kesho, hata bila kutaja jina lake.

Upumzike sasa, Ayeeyo, bibi yangu. Mzigo wa kungoja tumekupokea.