Niliuza Kiwanja cha Baba Nikanunua Gari ya Mashindano

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata kwa kinywa cha mtu mwenye hasira! Maana leo nimesimama hapa na hasira, na Mungu anajua. Nina hasira na nafsi yangu. Nanyi mtanivumilia, nina hasira na ninyi pia.

Mnanijua. Mimi ni Papa Nadine, fundi wa meno, mkazi wa mtaa wa Musaga, kule juu ya mji. Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, Nadine akiwa wa kwanza, na mama yangu mzazi ambaye magoti yake yalimshinda zamani.

Vita vilipoanza, wageni wengi walifunga biashara zao wakaondoka. Mzungu mmoja, mnunuzi wa kahawa, alikuwa anauza gari yake. Gari nyekundu, ya mashindano, milango miwili, viti viwili, imelala chini kama mjusi. Mashine yake iko nyuma ya mgongo wa dereva, ikinguruma kifua chote kinatetemeka. Ilikuwa imekwisha kutembea kilomita zaidi ya laki mbili. Nikamuuliza kama mtu anaweza kwenda nayo kazini kila siku. Akacheka, akasema kwao aliiendesha kila siku, na kwamba gari ya namna ile inakufa ukiiacha imesimama.

Kwao, ndugu zangu! Kwao ambako barabara ni laini kama meza! Hilo sikutaka kulifikiri. Niliuza kiwanja alichoniachia marehemu baba kule Kibenga, karibu na ziwa, nikainunua. Mke wangu alilia siku mbili. Nikamwambia hana imani.

Hapo mkaja ninyi, watu wa kanisa hili. Mliizunguka gari ile mkiimba. Mchungaji wa wakati ule akasema, "Tazameni jinsi Bwana anavyowainua watu wake!" Akamwaga mafuta ya upako juu ya boneti. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, mama zetu walikuwa wanapika mboga bila mafuta, na sisi tunayamwaga juu ya chuma! Jumapili iliyofuata nilipewa kiti cha mbele. Hakuna aliyeniuliza watoto wangu wanapanda wapi.

Niwaambie walipanda wapi. Hawakupanda! Walikwenda shule kwa miguu, nami nikawapita nikiwapigia honi. Gari ilikwaruza tumbo kwenye kila shimo la barabara ya Musaga. Ilichemka, ikavuja, kila mwezi fundi alikuwa chini yake. Esansi, yaani petroli, iliuzwa kwenye chupa kando ya barabara, na gari ile ilikunywa kama lori. Siku moja mama alitaka nimpeleke zahanati. Alishika mlango, akatazama kile kiti kilicho chini kabisa, akasema, "Mwana wangu, hii ni gari ao ni shimo?" Akaenda zake taratibu na fimbo yake. Mimi nikaenda kazini.

Sasa sikilizeni.

Jumamosi moja asubuhi risasi zililia kwenye milima iliyo juu ya Musaga. Wanajeshi wakapita wakipiga kelele kwamba watu wote washuke mjini. Na mimi, mzee wa kiti cha mbele, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba waporaji wataichukua gari yangu! Nikamwambia mke wangu, "Tangulia na watoto kwa miguu. Mimi naleta mama na gari." Akambeba mdogo mgongoni, akaondoka.

Nilimsukuma mama ndani kama gunia. Hatukufika mbali. Watu walikuwa wamepanga mawe barabarani kuzuia njia, gari za kawaida zikiyapanda polepole. Yangu ilikalia jiwe kwa tumbo. Nikakanyaga mafuta, ikateleza upande, ikaangukia mtaroni. Mlango wa mama ukabanwa na ukuta wa udongo. Risasi zinakaribia. Nikamvuta mama kupitia upande wangu, magoti yake hayakunjiki. Akalia kwa maumivu. Nikalia naye.

Watu walikimbia wakitupita. Mzee mmoja wa kanisa hili alinipita na gari yake, nyuma kuna nafasi tele, vioo amefunga. Ninamjua, naye anajua kwamba ninamjua. Sitamtaja. Namwambia tu: tubu, kama nilivyotubu mimi.

Ndipo nikaona pikapu kuukuu ikipanda kutoka mjini, ikielekea kwenye risasi. Ilikuwa ya Hamisi, jirani yangu Mwislamu, muuza makaa. Mara ngapi nilimwambia asiegeshe takataka yake karibu na gari yangu! Alikwisha kushusha watu mjini, akarudi kuchukua wengine. Aliruka chini, akavunja kioo cha mbele kwa jiwe, akaingia nusu mwili, akamtoa mama kama anavyotolewa mtoto mchanga.

Na mimi nikasema nini, ndugu zangu? Naona haya, lakini nitasema. Nikasema, "Hamisi, una kamba? Uivute kidogo."

Akageuka na mama mikononi. "Papa Nadine! Mama yako anatoka damu, we unaniuliza chuma?"

Nikamtazama mama. Mkono wake ulikuwa umechanwa na kioo. Akaniambia, "Acha, mwanangu. Acha hiyo kitu." Hakuwa na hasira. Hapo ndipo nilipovunjika. Niliacha hata ufunguo. Nikapanda nyuma juu ya vumbi la makaa, na tulipofika chini tukamkuta mke wangu na watoto wote wanne wakitembea. Wote, ndugu zangu! Bwana aliwahesabu mmoja mmoja, mimi nilipokuwa nahesabu magurudumu!

Gari ile waporaji walichukua walichotaka, wakachoma kilichobaki. Niliponyoka kifo, nikaiponyoka pia ile sanamu niliyoiabudu.

Nilimfuata Hamisi kumshukuru. Akasema, "Nilikuwa na esansi, na nyuma kulikuwa na nafasi. Ungefanya nini?" Ungefanya nini! Swali hilo linanichoma mpaka leo. Na jana mtu mmoja wa hapa alinishauri nisimtaje Mwislamu kwenye ushuhuda. Nimemtaja! Mungu alimtuma yeye, kwa sababu sisi tulikuwa tunafunga vioo.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa mama. Ndugu uliyeweka moyo wako kwenye kitu, mpe Yesu leo, hatakuaibisha. Na kwa kuwa milima bado haijatulia, wenye gari msitoke baada ya baraka. Bakini hapa. Kuna wajane na vilema katika kartie zetu, mtaa kwa mtaa, nimeandika majina yao. Tuambiane sasa hivi, wazi, kila mmoja atambeba nani risasi zikilia tena.