Wembe, Mkata Karatasi Aliyerudishiwa Mkono

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za nyuma ya stesheni, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga. Baada yake tulizaliwa wengine, lakini aliyebaki ni mdogo wake wa kike, anayewasomea haya.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hesabu zilimpiga chenga, ila alikuwa akipiga mstari ulionyooka bila rula. Mwalimu alimwambia, "Wewe kichwa kimepinda, mkono umenyooka." Alicheka, akaenda kutafuta kazi ya mkono.

Aliipata mwaka 1979 katika kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Mwaka 1988 alimwoa fundi cherehani wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2006, binti akaolewa mbali, na nyumba ikabaki na mtu mmoja na redio. Kilichomweka mjini ni wenzake wa kiwandani. Kila jioni walikaa barazani kwake wakicheza drafti kwa vizibo vya soda na kuvuta sigara kama tanuri la matofali.

Mashine ile ilitaka ubonyeze vitufe viwili, mkono huku na mkono huku, ndipo kisu kishuke. Kwa haraka ya kazi kitufe kimoja kilikuwa kimekwamishwa kwa kipande cha karatasi. Aliyekikwamisha ni yeye mwenyewe, na hakumsingizia mtu. Alhamisi tarehe 6 Agosti 2009 kisu kilishuka kikauondoa mkono wake wa kushoto kwenye kifundo.

Rafiki yake, mchanganya rangi tunayemwita Wino, ndiye aliyeuokota. Muuguzi alimwelekeza kwa simu: aufunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, autie kwenye mfuko, na mfuko ndio ukae juu ya barafu. Barafu pekee iliyokuwa karibu ni ya muuza soda, akaibeba pamoja na sanduku lake hadi hospitali. Getini mlinzi akamzuia. "Soda haziingii wodini."

"Si soda, bwana. Ni mkono, na mwenyewe ameshaingia."

Waganga walishona hadi kukakucha: mfupa kwa vyuma, kano, kisha mishipa ya damu kwa uzi mwembamba kuliko unywele, wakichungulia kwenye hadubini. Mkono ukarudiwa na rangi. Daktari akakataza sigara, yake na ya jirani, majuma sita, kwa kuwa moshi hubana mishipa na mkono ungefia palepale uliposhonwa. Wenzake walipofika kumwona, Wembe hakuwaficha. "Mnanuka moshi. Mtauua mkono wangu. Tokeni."

Wakatoka. Majuma sita yakaisha, na hakuna aliyewaambia kwamba yameisha.

Hakurudi kwenye kisu. Alipewa kutunza stoo ya karatasi upande mwingine wa mji, peke yake. Akikutana nao njiani, walisimama mbali, wakautazama mkono, wakaaga. Naye, kwa kiburi chake, hakuuliza. Ukimwuliza marafiki wako wapi, alijibu, "Watu wana kazi zao." Mtaalamu wa mazoezi alimwagiza aokote vitu vidogo, basi akawa anacheza drafti mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kulia aliuonea kidogo, ili wa kushoto ushinde. Miaka kumi na tatu alicheza hivyo, na chai ikipoa pembeni.

Oktoba 2022 moyo ulianza kuvimba. Alilazwa Januari. Tarehe 1 Februari dada yake alimkuta Wino nje ya dirisha la wodi, kofia mkononi.

"Mbona huingii?"

"Nimevuta asubuhi, dada. Nisije nikauua ule mkono."

"Mkono upi? Ule ulipona zamani, wewe mtu. Unafua, unapika, unakuna mgongo."

"Sasa nani alituambia?"

Aliingizwa kwa kusukumwa. Wembe akamwambia, "Nilidhani mnauonea kinyaa."

"Niliupakata ukiwa hauna mwenyewe," Wino akamjibu, "leo ndiyo niuonee kinyaa?" Akaushika, akaufunika kwa mikono yake yote miwili, hadi muuguzi alipokuja kumtoa.

Wembe alifariki kesho yake, tarehe 2 Februari 2023, saa nne asubuhi. Wino na wenzake walikuwa getini, wakingoja saa ya kuona wagonjwa.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu wawili, dada mmoja, na wenzake wa kiwandani, ambao leo wamejaa benchi mbili.

Mola amlaze mahali pema, penye watu.