Mbao ya Kubania Betri

Betri ya gari ilipokufa, mshonaji aliipima kwa tepu yake ya kushonea, akaandika "betri" na vipimo vyake kiganjani, akapanda basi kwenda kutafuta nyingine. Aliyeketi naye alikuwa fundi umeme wa magari, na ingawa hakuna aliyemwuliza kitu, alikisoma kile kiganja.

"Betri mbona ndogo hivyo, mama? Kwenye gari ilikuwa haichezi?"

"Ichezee wapi! Marehemu mume wangu aliibana kwa kipande cha mbao."

"Basi umepima kosa, gari hujalipima. Mteja akija kwako, unampima yeye au lile gauni linalompwaya?"

Swali lilimwingia. "Nampima yeye," alikiri.

"Haya! Kapime pale betri inapokaa, ununue inayoenea. Hiyo mbao tupa."

Mshonaji aligeukia dirishani. Mumewe aliichonga mbao ile kwa kisu cha jikoni, Jumapili nzima, huku akipiga mluzi.

"Haitupwi, mwanangu."

"Gari halijui mbao, mama. Linajua moto wa betri."

Basi likasimama.

"Mimi naijua," alisema mshonaji, akafumba kiganja, akashuka.