Maisha ya Bi Kazija binti Borafya, Somo wa Maharusi wa Kikwajuni

Ndugu na jirani mliokuja kwenye hitima hii, dada yetu Bi Kazija alizaliwa Jambiani mwaka 1908, akahitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi na mmoja, kisha akaletwa Kikwajuni kwa shangazi yake, Bi Mwanamwema, akafundishwa usomo, yaani kuwasinga maharusi, kuwasugua mwili kwa liwa na manjano, kuwapamba na kuwafunda, na kina mama wengi waliomo humu walipita mikononi mwake, wakakaripiwa pia.

Ijumaa, tarehe 4 Juni 1926, aliolewa na Bwana Masoud, mchukuzi wa bandarini Malindi, wakajaaliwa Hasan, na baada ya kungoja miaka kumi na mmoja, Wanu.

Februari mwaka huu wa 1957 ngozi na macho yake viligeuka rangi, sote tukasema ni manjano ya kazi yake, na mdogo wake Mjaka, anayewasomea haya, alimtania kwamba kajisinga mwenyewe, naye akacheka huku akijikuna, na utani ule unamuuma Mjaka mpaka leo.

Tarehe 6 Mei Daktari Shamsi alitwambia kwamba manjano ya kusaga hayaingii machoni, kwamba ni saratani ya kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, imeziba njia ya nyongo na imeshafika kwenye ini, hivyo kuikata yote hakuna faida tena, ila anaweza kuifungulia nyongo njia nyingine ili mwasho na umanjano viondoke, ugonjwa ubaki, au arudi nyumbani na dawa za maumivu. Harusi ya Wanu ilikuwa imeshapangwa.

"Miaka siiombi, daktari," alisema, "nnataka nimsinge mwanangu kwa mikono yangu."

Akapasuliwa tarehe 9 Mei, umanjano ukaondoka, na Julai, akiwa ameegemezwa mito, alimsinga Wanu siku tatu, akampaka hina peke yake, akimfukuza kila aliyetaka kumsaidia, na Alkhamisi tarehe 25 akamtoa biharusi. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 6 Agosti.

Tunamshukuru Daktari Shamsi na wauguzi wake, jirani waliotupikia, wachukuzi wa Malindi waliobeba jeneza, na masomo wenzake waliomwosha pamoja na Wanu, ambaye alimmiminia mama yake maji, na hina ile bado imo mikononi mwake.

Pumzika, dada yetu, kazi umeimaliza.