Mzee Obura na Barafu ya Shuka

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Austine Obura atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho hapa Kituo cha Uchunguzi wa Vilele, Komarock, baada ya miaka thelathini na miwili ya kupanda Mlima Kenya na kuteremka. Nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ila msinidai sana.

Mzee Obura alizaliwa katika nyumba za reli za Muthurwa, baba yake akiwa fundi wa mabehewa. Alipoajiriwa kuwa mpagazi wetu, barafu pekee aliyoijua ni ile ya wauza samaki. Safari ya kwanza alipanda mlima amevaa koti la kike la mitumba kutoka Gikomba, lenye manyoya shingoni, kwa sababu ndilo lililokuwa zito kuliko yote sokoni. Asubuhi alipolianika juu ya mwamba, pimbi, wale wanyama wadogo wenye manyoya wa miambani, walilikalia wakalitafuna kosi lote. Mpaka leo anashikilia kwamba walidhani ni jamaa yao amenaswa, wakaja kumwokoa.

Kutoka upagazi alipanda cheo hadi akawa msimamizi wa kazi za mlimani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kurudiarudia: kuwahesabu pimbi kwenye mawe yao, kuwaangalia ndege chozi wanaofyonza maua ya lobelia kwenye baridi ambayo ingetutoa machozi wewe na mimi, na kuipima Shuka. Hilo ni jina letu wenyewe la kipande cha barafu kilichokuwa chini ya ukuta wa mwamba, karibu kabisa na kilele, kikionekana kwa mbali kama shuka iliyoanikwa na kusahauliwa. Kila Septemba Obura alivuta tepu kutoka jiwe lililopakwa rangi nyekundu hadi ukingoni mwa barafu, na kila Septemba tepu ilikwenda mbali zaidi. Alikuwa akiipenda Shuka, na kazi yake ilikuwa kutuletea habari kwamba inakufa.

Sisi wa ofisini wengi wetu hatujawahi kukanyaga huko. Mimi mwenyewe magoti yangu huanza kulalamika kwenye ngazi za kanisani. Kwa hiyo Mzee alituanzishia desturi. Kila alipotoka kupima, alirudi na barafu ya Shuka ndani ya chupa ya chai, akanikabidhi mimi, nami niliitia kwenye sufuria ya chai ya saa nne. Tulikunywa wote, kuanzia mkurugenzi wetu, Daktari Ngui, hadi Job wa getini, ambaye siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kuacha geti. Chai ile ilikuwa na ladha ya vumbi na ya kifuniko cha chupa. Kila mwaka tuliisifu.

Mwaka juzi Mzee alirudi kutoka kupima kama kawaida yake. Alinipa chupa bila ule utani wake kwamba nisiimalize peke yangu. Nilipoiinamisha juu ya sufuria, barafu ikatoka ikiwa vipande vyenye pembe nne, vyote saizi moja, jinsi vinavyotoka kwenye trei ya friji. Nabiswa wa hesabu alikuwa amesimama kando yangu na vikombe. Tulitazamana. Nikafunika sufuria.

Tulikunywa. Daktari Ngui alishukuru kama kawaida yake. Job, ambaye aliviona vile vipande kupitia dirisha, alirudisha kikombe akasema, "Ya mwaka huu imeweza, Mzee." Obura alisubiri hadi vikombe vyote vikawa vitupu, ndipo akasimama.

"Daktari, Shuka haiko tena. Nimepima hadi nikagusa ukuta."

Baadaye Kiarie, dereva wetu, alinieleza kwamba waliposimama Nanyuki kutia mafuta, Mzee aliingia hotelini akaomba barafu. Kiarie alimshauri aachane na hayo. Akajibiwa, "Hao watu wamezoea. Siwezi kuwafikia na chupa tupu." Ndivyo alivyo huyu tunayemuaga. Kwenye chai alitudanganya. Kwenye kipimo, ambako uongo mdogo ungemlindia kazi, hakuweza.

Maana kweli ile ilimgharimu. Wafadhili waliokuwa wakilipia upimaji walijitoa, na safari za mlimani zikakatwa. Tangu hapo ombi la Mzee limekuwa moja tu, kwamba kabla hajaondoka apewe mtu wa kumfundisha, ili pimbi na chozi wasiachwe bila mwangalizi. Amelipeleka katika kila mkutano. Mwezi uliopita Daktari Ngui alimweleza kwa upole kwamba nafasi yake haitajazwa. Nilikuwepo. Mzee aliitikia kwa kichwa, akauliza kama kuna chai iliyobaki, kisha akaenda kuinywa nje, amesimama. Iliniuma, na bado inaniuma.

Basi kuanzia Jumatatu pimbi watakuwa juu ya mawe yao kama siku zote, na hapa Komarock hakutakuwa na wa kutuambia kama wamezaa au wamekufa. Sijui jinsi ya kuliandika hilo kwa furaha.

Mzee, chupa uliyoirudisha nimeiosha. Ijumaa asubuhi nitapitia kwa muuza samaki, nijaze barafu, niitie kwenye sufuria saa nne kamili. Itakuwa na pembe nne. Tulijua, Mzee, wote tulijua, na hakuna aliyeacha hata tone kikombeni. Safari hii wewe ndiwe utakayeletewa, nawe uisifu.

Asante kwa kutupandia mlima. Nenda ukapumzike na mkeo, mama Norah, magoti yapone, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye joto.

Lydiah Githinji,
Mapokezi