Kidole Katikati ya Kopo

Treni ilipopita Igurusi baridi ya Juni ilianza kuuma, na binti aliyepanda Rujewa akatoa chupa yake mpya ya plastiki, ya kubinya. Alibinya, akatikisa, akabinya tena. Mafuta ya nazi hayakutoka.

"Nyumbani yalikuwa maji kabisa," alilalamika.

"Huku juu yanaganda, mwanangu," alisema mama wa Iringa aliyekaa mbele yake, akifungua kopo la mafuta ya mgando. "Mimi nachota tu."

"Kuchota ndiko kunakoleta upele, mama. Kila mtu anaingiza kidole. Hii yangu hakuna anayeyagusa mafuta."

"Hata wewe mwenyewe."

Mimi, niliyekaa kando ya binti, nilitazama dirishani nisije nikacheka. Binti aliibana chupa kwapani ipate joto, akaendelea kubisha hivyo hivyo, mpaka alipochungulia lile kopo. "Mbona unachota pembeni tu? Hapo katikati pana alama ya kidole, hujaigusa."

"Hicho kidole cha mama yangu. Alijipaka asubuhi, jioni tukawa tunamlilia." Aliyasema kama anayetaja bei ya viazi. "Chupa yako ingenibakizia nini?"

Mikono ya binti ilikuwa imepauka kwa baridi. Mama akamsogezea kopo.

Treni ikafunga breki Uyole.

"Lakini upele unaambukiza, mama," binti alisema, chupa ingali kwapani, na kidole chake kikachota taratibu ukingoni, mbali kabisa na ile alama.