Dresa Mkuu Ahmadi Pazi na Mtihani wa Adabu

Tarehe 30 Juni 1958, Bwana Ahmadi Pazi, dresa mkuu wa hospitali yetu hapa Lindi, atalivua koti jeupe alilolivaa kwa miaka thelathini na moja. Wapo wanaosema koti lile limemzoea mno, litamfuata nyumbani lenyewe. Na limfuate tu, maana halitamtosha mwingine.

Ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Huko ndiko alikoanza kazi mwaka 1927, akifagia wodi na kuchemsha sindano. Darasani alikaa kidogo. Mengine yote alifundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Alipokuwa dresa kamili alitumwa Nangurukuru, akatumwa Rondo, akatumwa Songo Songo kuchanja ndui. Mtoto huyu wa pwani, tusimfichie aibu, hutapika kila apandapo mashua. Watu wa Songo Songo walizoea kumpokea na maji ya ndimu, wamtibu kwanza yeye ndipo naye awatibu wao.

Kwenye usafi hana msalie Mtume. Karani mmoja wa boma aliwahi kumpa mkono mlangoni mwa wodi, akaelekezwa kwenye beseni akanawe kwanza, kisha ndipo wasalimiane. Karani alinawa.

Lakini kazi yake kubwa ni kufundisha. Wasaidizi wengi wa zahanati za vijijini, kuanzia Kilwa hadi Rondo, wamepita mikononi mwake. Kwa hiyo mwaka juzi, yalipotoka mapendekezo ya kubadilisha kanuni za mafunzo na leseni, alikuwa na cha kuhofia. Ilipendekezwa kwamba asiyefaulu mtihani asipewe leseni, asiye na leseni asimguse mgonjwa, na zahanati isiyo na mwenye leseni ifungwe. Hata hivyo hakuyapinga. Alikuwa ameona wengi walioharibiwa na wauza sindano wa mitaani, akasema leseni ni haki ya mgonjwa. Alipoombwa maoni, akaongeza na lake: mtahiniwa apimwe adabu pia, na atakayemtolea mgonjwa maneno mabaya aanguke palepale.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mtihani wa majaribio ulipofanyika hapa kwetu, wa kwanza kuanguka alikuwa mwanafunzi wake kipenzi, Evaristo wa zahanati ya Rondo, ambako hakuna msaidizi mwingine. Evaristo ni Mngoni. Mgonjwa aliyepangiwa, na aliyempangia ni Bwana Ahmadi mwenyewe, alikuwa Mzee Dadi, Mmwera mwenye kidonda mguuni. Wangoni na Wamwera ni watani. Evaristo akakisafisha kidonda vizuri kabisa huku akisema, "Mmwera wewe, hujafa tu? Sanda nimeshaiweka tayari, unataka iliwe na mchwa?" Mzee Dadi akamjibu kwamba Wangoni hawajui sanda, wanajua kuiba kuku.

Wodi nzima ilicheka. Mtahini, daktari mgeni aliyetoka Dar es Salaam, hakucheka. Kiswahili alikijua, utani hakuujua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kumweleza. Evaristo akaanguka, na zahanati ya Rondo ikawa mashakani.

Bwana Ahmadi aliomba mtihani urudiwe kesho yake. Akamkalisha Evaristo chini, akamwonya asithubutu kutania. Asubuhi Evaristo akainama mbele ya kitanda kwa unyenyekevu: "Shikamoo baba. Pole sana. Umeamkaje?" Mzee Dadi akakodoa macho. "Nimekwisha," akasema. "Mngoni kaniamkia! Mwiteni mwanangu nimpe wasia." Akakataa hata kufungwa bendeji, akidai haina faida tena.

Ikabidi Bwana Ahmadi aeleze. Alimwambia daktari kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alitunga kanuni ya adabu akasahau adabu ya watu wake. Daktari akamgeukia Evaristo, akamwagiza amtukane mgonjwa upesi. Lilipotoka tusi la kwanza, Mzee Dadi aliketi, akaunyoosha mguu na kuagiza chai. Evaristo alipasi, na watu wa Rondo wanatibiwa kwao hadi leo.

Hapo ndipo Bwana Ahmadi alipotoa pendekezo jipya: mtihani ufanywe kwa Kiswahili, na katika kila kundi la watahini awemo mwenyeji wa wilaya ajuaye mila za wagonjwa. Tulimwonea huruma, tukidhani litapotelea njiani. Halikupotea. Wiki hii zimefika habari kutoka Dar es Salaam kwamba limekubaliwa, lijaribiwe kwa mwaka mzima Kilwa na Lindi. Wasaidizi wake wote waliokuwa wakihofia kazi zao sasa watapimwa na watu wanaowaelewa.

Bwana Ahmadi, umetufundisha kazi na umetuvumilia, Mungu akulipe. Tunasikitika unaondoka, wala hatuoni haya kusema hivyo. Bi Kazija, tunakushukuru kwa kutuazima mumeo miaka yote hii. Tungependa kukurudishia leo, ila tunakuomba radhi kidogo: mtahini mwenyeji wa kwanza ameshateuliwa, naye ni mstaafu. Mtu asiyewahi kupimwa na yeyote ila wagonjwa wake ndiye atakayetia sahihi leseni za wengine.

Tunakutakia uzee wa heri na afya njema, mwalimu wetu. Watahiniwa wa Kilwa wanakusubiri Jumatano.